Hii Ni ya Nini?

Mchi wa kushindilia baruti hauna cha kutisha ukiuweka mezani. Ni rodi fupi ya metali, iliyokerezwa ikalainika, yenye tundu lililotobolewa kutoka ncha moja kuingia ndani. Ukiukuta kwenye duka la spea pale Kirinyaga Road utadhani ni pini ya lori ama kipuri cha posho mill. Mwenzake ni kijiti cha metali kilichochongoka kama mwiba, ambacho huingia kwenye tundu la mchi kama kisu kwenye ala. Vifaa hivyo viwili, pamoja na mrija wa karatasi ngumu, ndivyo baadhi ya wapenzi wa fataki hutumia kujitengenezea roketi.

Ndiyo, kuna watu wanaofanya hivyo kama hobi. Hawatafuti vita wala biashara. Marekani wana chama chao, Pyrotechnics Guild International, kilichoanzishwa mwaka 1969, na kila mwaka hukutana kuonyeshana walichotengeneza. Miongoni mwao wapo wenye mashine ya kukereza nyumbani, kwenye gereji, na hujichongea michi na vijiti vyao wenyewe Jumamosi mchana, saa ambayo mwingine anaosha gari.

Siulizi kama fataki ni nzuri. Ni nzuri, bana. Usiku wa kuamkia Januari 1 watu Nairobi hupanda juu ya nyumba kuangalia anga likipasuka rangi, na hata yule anayelalamika kwamba mbwa wake ameogopa huwa amesimama nje akitazama. Swali langu linamhusu mtu ambaye hatumwoni usiku huo: aliyechonga metali. Mtu akikuletea mchoro, una wajibu wa kuuliza kitu hicho ni cha nini? Na ukishajibiwa, jibu linakuwa lako pia, ama linabaki kuwa lake?

Kwa jua kali jibu la kawaida ni fupi: kazi ni kazi. Mteja ana mchoro na pesa, wewe una mashine na watoto wanaodaiwa karo. Mnaongea vipimo, mnaongea bei, mnaongea "kuja kesho saa nane", na kesho hiyo inakuwa keshokutwa. Hakuna anayeongea sababu. Ukiuliza, unaonekana mbea ama askari kanzu. Na hoja iliyo nyuma ya kimya hicho haina ujinga wowote. Aliyefua kisu hakumchoma mtu. Aliyejenga barabara hakumgonga mtoto. Tukianza kumdai fundi hesabu ya kila kitakachofanywa kwa kazi ya mikono yake, hakuna fundi atakayelala.

Nimeitafakari hoja hiyo kwa muda mrefu, na bado naiheshimu. Lakini inavunjika mahali ambapo sikutarajia. Inavunjika kwenye metali yenyewe.

Baruti haipatani na cheche. Chuma cha kawaida kikigongana na chuma kingine ama na jiwe kinaweza kutoa cheche. Ndiyo maana wanaoshughulika na baruti kwa makini hukiepuka kwenye vifaa vinavyoigusa, wakachagua shaba, alumini, mbao, ama shaba ya manjano ambayo mafundi wetu huiita brasi. Ujuzi huu ni wa zamani. Kwenye viwanda vya baruti vya du Pont, vilivyoanzishwa mwaka 1802 kando ya mto Brandywine huko Delaware, Marekani, wafanyakazi walivaa viatu visivyo na misumari ya chuma. Soli zilishikiliwa kwa vijiti vya mbao. Hata msumari wa kiatu ulikuwa na swali la kujibu kabla ya kupita mlangoni.

Sasa rudi kwa yule fundi wa "kazi ni kazi". Mchoro unaonyesha urefu, unene na kina cha tundu. Hausemi ni metali gani, kwa sababu mteja ameupiga picha kwa simu na maandishi ya pembeni yamekatika. Fundi hachukui brasi, maana brasi ni ghali. Anachukua rodi ya chuma iliyobaki kwenye kazi ya jana. Anaikereza vizuri, anaipima kwa venia, vipimo vinakubali mpaka mstari wa mwisho. Kwa macho ni kazi safi. Kwa ukweli ni kazi mbovu, na ingekuwa mbovu hata kama angekuwa fundi bora kuliko wote Kenya, kwa sababu kitu pekee ambacho kingemwambia achague metali gani ni jibu la swali ambalo hakuuliza.

Hapo ndipo ninaposimama. "Hii ni ya nini?" ni swali la fundi kabla halijawa swali la askari. Ni kipimo kama urefu na unene, na ukikiacha umechonga nusu ya kitu. Wazee walisema kuuliza si ujinga, na tumezoea kuitumia methali hiyo kumfariji mwanafunzi aliyeaibika darasani. Ingefaa kuandikwa kwenye ukuta wa karakana. Tumefundishwa kwamba ufundi ni jambo moja na maadili ni jambo lingine, kwamba kwanza ujue kazi, halafu ukipata nafasi uwe mtu mzuri. Kwenye mchi wa baruti mambo hayo mawili hayatenganishiki. Asiyejali utatumiwa wapi hawezi hata kuutengeneza sawasawa.

Kuna jambo la pili ambalo viwanda vile vya Brandywine vilijua, nalo ni la nani anaishi wapi. Vyumba vya kusagia baruti vilijengwa kwa kuta tatu nene za mawe. Upande wa nne, ulioelekea mtoni, ulifanywa mwepesi ili mlipuko ukitokea uende majini badala ya kuwafikia watu. Nyumba ya mwenye kiwanda nayo ilikuwa pale pale, juu ya kilima, ikitazama viwanda. Mwaka 1818 mlipuko mkubwa uliua watu zaidi ya 30, na nyumba hiyo ikapata madhara. Sisemi hivi kumsifu tajiri. Waliokufa walikuwa vibarua wake, na baruti yake ilikwenda kuua watu ambao hakuwahi kuwaona. Nasema tu kwamba alilala karibu na alichotengeneza, na mtu anayelala karibu hujenga ukuta wa nne kwa kufikiri.

Mahali ambapo ukaribu huo umekuwa utamaduni wa watu wa kawaida ni Malta, visiwa vidogo katikati ya Bahari ya Mediterania. Huko vijiji huadhimisha sikukuu za watakatifu wao, hasa wakati wa kiangazi, na fataki nyingi za sikukuu hizo hutengenezwa na wanakijiji wenyewe, watu wa kujitolea ambao mchana wana kazi nyingine. Mahali pa kuzitengenezea wanapaita kamra tan-nar, chumba cha moto. Kimalta ni lugha yenye asili ya Kiarabu, kwa hiyo mpenzi wa mashairi ya Kiswahili atalitambua neno la mwisho: nar yao ndiyo nari yetu.

Fataki zao hazirushwi zote angani. Zipo za ardhini, na hizo ndizo zinazomvuta mtu wa mashine kama mimi: magurudumu makubwa ya metali yaliyofungwa fataki, yanayozungushwa na moto wenyewe, gurudumu ndani ya gurudumu, na rangi zikibadilika kila baada ya muda. Hiyo ni kazi ya kuchomelea, kukereza, kupima na kusawazisha. Gurudumu lisilo na mizani hujitikisa mpaka likavunjika, fataki au bila fataki. Mwaka 2011 watu wa kiwanda cha Lily, katika mji wa Mqabba, walizungusha gurudumu lenye kipenyo cha zaidi ya mita 32, likaingia kwenye rekodi za Guinness. Simama chini ya jengo la ghorofa kumi, uangalie juu, halafu uwazie linazunguka likiwaka.

Na Malta hulipia uzuri huo. Mnamo Septemba 2010, kiwanda cha fataki kilicho Għarb, kwenye kisiwa cha Gozo, kililipuka na kuua watu 6, wakiwemo watu wa familia moja. Haikuwa mara ya kwanza nchini humo watu kufa hivyo. Kwa hiyo siwezi kuwaleta Wamalta hapa kama mfano wa usalama. Ninachokiona kwao ni kingine. Kule hakuna haja ya kuuliza "ni ya nini". Anayekereza gurudumu, anayelifunga fataki, anayeliwasha na anayepiga makofi ni watu wa kijiji kimoja, na msiba ukija ni wao wanaobeba jeneza. Hilo haliwafanyi wawe sahihi. Linawanyima tu nafasi ya kusema hawakujua.

Sisi Nairobi nafasi hiyo tunayo, tena kubwa. Hobi yenyewe ni ngeni hapa, na Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, hairuhusu mtu kutengeneza vilipuzi bila leseni. Lakini michoro husafiri bila pasipoti, na karakana zetu zinaweza kuchonga karibu kitu chochote kilichochorwa. Nilifanya atachimenti kwenye karakana moja Kariobangi Light Industries, na siku moja akaja kijana wa rika langu, mpole, na simu mkononi.

"Fundi, unaweza nichongea hii?"

Mzee aliyekuwa akiendesha mashine kubwa alivaa miwani, akaikuza picha kwa vidole viwili. Ilikuwa ni mchi na kijiti.

"Hii ni ya nini?"

"Ni projekti tu."

"Projekti ya nini, kijana wangu?"

"Fataki. Roketi ndogo ndogo. Ni hobi, mzee, si kitu kibaya."

"Sijasema ni kibaya. Unakaa wapi?"

"Pipeline."

"Ghorofa ya ngapi?"

"Ya tano."

Mzee alimrudishia simu. "Ukipata shamba lisilo na majirani, na leseni mkononi, rudi tuongee. Na yeyote atakayekuchongea, mwambie asitumie chuma. Chuma kina cheche."

Kijana alishukuru, akaenda. Mwenzangu mmoja aliyekuwa akifagia vumbi la metali akasema kile ambacho sote tulikuwa tunafikiri: "Lakini mzee, si ataenda tu kwa wengine?"

"Ataenda akijua," mzee akasema, akawasha mashine.

Angalia alichouliza. Hakuuliza kitambulisho. Hakuuliza kama kijana ni mtu mwema, na kwa macho yangu alikuwa mwema kabisa. Aliuliza anakaa wapi. Kuna hoja moja ambayo vijana tunaipenda: mwili ni wangu, vidole ni vyangu, nikiungua nimejiunguza. Hata methali inaonekana kutuunga mkono, maana mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Kwa mtu mwenye ekari kumi na kibanda katikati, pengine hoja hiyo ina miguu. Pipeline haina. Pipeline majengo yamebanana mpaka ukikaanga samaki ghorofa ya tano, wa jengo la pili wanajua ni samaki gani. Hakuna hatari ya mtu mmoja katika nyumba kama hizo. Ukuta wa nne wa Brandywine uliangalia mto. Ukuta wa nne wa Pipeline unaangalia kitanda cha mtoto wa jirani.

Hata hivyo, swali la mwenzangu ni gumu kuliko nilivyotaka liwe, na sitaki kulipita haraka. Pale Kariobangi karakana ni nyingi. Ikiwa mzee anayeuliza amekataa, na jirani yake asiyeuliza amekubali, basi mchi umechongwa hata hivyo, tena labda umechongwa kwa chuma. Dhamiri ya mzee imebaki safi, na ghorofa ya tano imekuwa hatari zaidi. Je, si afadhali angemchongea kwa brasi, vizuri, akamlinda?

Nadhani jibu liko kwenye kile alichokataa na kile alichotoa. Alikataa kazi. Hakukataa maarifa. Kumchongea kwa brasi kungeondoa cheche moja na kuacha mengine yote pale pale: baruti, majirani, ngazi moja nyembamba ya kukimbilia. Metali nzuri haiwezi kugeuza mahali pabaya pawe pazuri, na mkono uliochonga vizuri kwa ajili ya chumba kile ungekuwa umesema chumba kile kinafaa. Lakini kumwacha aondoke bila kujua kuhusu chuma kungekuwa ni kumwadhibu. Mzee alipita katikati ya hayo mawili. Kama kijana alichongewa kwingine, sijui. Najua hakuondoka pale akiwa na giza lile aliloingia nalo.

Bado sidhani hiyo inatosha, na sidhani mzee mwenyewe aliona inatosha. Mzee ana mashine yake na watoto wake wamemaliza shule. Anaweza kupoteza mteja. Kijana anayekodisha benchi karakana ya tatu, ambaye mwenye plot amefunga mlango wake kwa kufuli tangu tarehe tano, atauliza vipi? Ukimwambia awe na dhamiri kabla ya chakula cha jioni unamtania. Mahali ambapo anayeuliza hupoteza kazi na asiyeuliza huipata, kuuliza kunabaki kuwa anasa ya wachache, na anasa haiwezi kulinda mtaa. Kungekuwa na faida kama mtaa mzima ungeuliza, kwa namna ile ile mtaa mzima unavyoomba deposti kabla ya kuanza kazi. Hakuna mteja anayekasirika akiombwa deposti. Amezoea.

Swali hili lisipoulizwa mapema, wakati mwingine huja lenyewe likiwa limechelewa. Mikhail Kalashnikov, ambaye bunduki aliyoibuni inajulikana sana kwa wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, kwa miaka mingi alisema lawama ni ya wanasiasa. Akiwa na zaidi ya miaka 90, alimwandikia barua mkuu wa Kanisa la Othodoksi la Urusi akiuliza kama vifo vile vilikuwa vyake pia. Barua ilichapishwa baada ya yeye kufa. Siwezi kumhukumu. Alibuni silaha nchi yake ikiwa imetoka vitani, na alijua kabisa ni ya nini. Kinachonigusa ni kwamba jibu lililomtosha akiwa kijana halikumtosha alipozeeka.

Najua wengi mnaosoma hapa hamjawahi kushika venia. Lakini tuna karakana nyingine mjini siku hizi, zenye kiyoyozi. Kuna vijana wa Nairobi wanaokaa mbele ya kompyuta siku nzima wakichora mistari kuzunguka magari, nyumba na watu kwenye picha, ili programu ya kampuni ya mbali ijifunze kuona. Mara nyingi hawaambiwi programu hiyo ni ya nini. Mstari uliochorwa kumzunguka mtu unaweza kusaidia gari limkwepe, na unaweza kusaidia kitu kingine kimpate. Vipimo ni vile vile. Na hata huko, kazi yenyewe ingefanywa vizuri zaidi kama mchoraji angejua anachora kwa ajili ya gani.

Kwa hiyo ombi langu simpelekei fundi kwanza. Yeye ana njaa, na sisi ndio tunaokuja na mchoro. Mzigo wa swali hili ungekuwa mwepesi sana kama mteja angesema kabla ya kuulizwa. Waziri anayetoa tenda, kampuni inayotuma picha, kijana wa fataki, mimi na wewe: tukimpa mtu vipimo bila sababu tumemnunua mkono na kumwachia macho nje ya mlango, halafu mambo yakiharibika tunashangaa kwa nini hakuona.

Ukienda kwa fundi wiki hii, hata kama ni bawaba tu unataka, mwambie mlango wenyewe uko wapi. Mwambie kama ni wa stoo inayofunguliwa mara moja kwa mwezi, ama wa choo cha plot nzima, unaofunguliwa na watu arobaini kila siku, watoto wakibembea juu yake. Atanyamaza kidogo. Halafu ataweka chini kile kipande alichokuwa ameshika, aende nyuma kutafuta kinene zaidi.